Dogo alikula feloni (kosa kubwa la jinai) ya unga, anahamia kwangu Houston na mimi nina bastola. Ushauri wakuu

KakaMkubwa_HTX: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu alifungwa hapa Texas kwa kuuza unga, akamaliza kifungo na paroli, sasa imepita miaka mitano yuko safi, anaendesha malori, analea wanawe. Anahamia kwangu na familia. Bastola yangu inakaa droo ya kitandani. Dogo anasema Texas inamruhusu silaha nyumbani, mwenzake kazini anamwambia asithubutu. Nani mkweli? Na ni haki kweli mtu ambaye hajawahi kumpiga mtu hata kofi anyimwe hadi kufa?

Mzee wa Dallas: Wote wakweli mkuu, mtego ndio upo hapo. Texas ikipita miaka mitano inamwacha awe nayo ndani ya nyumba anayoishi tu, ila sheria ya federali, yaani ya Marekani nzima, ya 1968 inasema ukishatiwa hatiani kwa kosa linaloweza kukufunga zaidi ya mwaka jela hata risasi moja hugusi, na tangu 2022 adhabu ni hadi miaka 15. Hawaulizi imenunuliwa kwa jina la nani, wanauliza alijua ipo na angeweza kuichukua? Droo haifai kabisa. Sefu, na namba asiijue.

mama Zuhura: Mie naunga mkono sheria. Mtaani kwetu wauza unga ndio hao hao wenye bastola, watoto wetu ndio tunaowazika. Mwache akae bila.

Juma_Philly: Pole mama, ila sheria haitenganishi muuaji na aliyekamatwa na kifuko. Huku kwetu Philadelphia mahakama ya rufaa ya federali ilimrudishia haki Bryan Range, aliyedanganya kupata msaada wa chakula mwaka 1995, ikasema hivyo 2023 na tena 2024. Bahati mbaya hukumu ile haifiki Texas. Dogo ni raia?

KakaMkubwa_HTX: Raia.

Juma_Philly: Alhamdulillah. Angekuwa na grini kadi ile kesi ya unga peke yake ingetosha kumfukuzisha Marekani.

KakaMkubwa_HTX: Asanteni sana, sefu nanunua wikiendi hii. Sasa kuna shemeji, mkewe dogo, naye ana yake anaiweka kwenye gari.

Mzee wa Dallas: Gari hilo hilo dogo anapelekea watoto shule? Anza na hiyo kaka, leo, kabla ya sefu. Na mtafuteni wakili wa jinai kabla hawajahamia.