Hii siyo likizo! Wakwe wamezeeka na familia nzima inajifanya haioni

Wadau, niacheni nitapike nyongo. Nimerudi juzi kutoka ukweni, ughaibuni, kijijini ndanindani ambako basi halipiti siku za sikukuu. Siku 12. Mtu akinitajia tena neno "kupumzika" nitamng'ata.

Kabla hamjanirukia: wakwe zangu nawapenda. Lugha yao nilifundishwa na mama mkwe jikoni, ananyoosha kidole na kutaja, kijiko, mfuniko, kamba, huku tunacheka. Ndiyo maana nina hasira. Wamekwisha wale, na hakuna anayetaka kulisema.

Tumefika usiku, kipima joto cha ukutani kinasoma nyuzi 14. Baba mkwe yuko na shati tu, anatushangaa tunavyotetemeka. Huo siyo ukakamavu jamani, mwili wa mzee huacha kuisikia baridi sawasawa, unapoa mwenyewe asijue. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2018 kwamba kwenye nchi za baridi ndani kusiwe chini ya nyuzi 18, na wazee huenda wakahitaji zaidi. Mume wangu kavaa koti la pili, kaingia kulala.

Jumapili asubuhi nikafungua kile kiboksi cha dawa chenye vyumba 7. Jumatatu imejaa. Jumanne imejaa. Ijumaa tupu. Dawa za presha hizo! Kifaa cha masikio cha baba mkwe kiko kwenye droo pamoja na misumari, kwa hiyo mnaongea naye kwa kupiga kelele, halafu anawauliza mnagombana nini.

Sasa hili ndilo lililonimaliza. Sebuleni kuna jiko la kuni la chuma, linawaka mchana kutwa, na chumba chetu kimepakana nalo. Siku mbili mfululizo naamka kichwa kinagonga, nikitoka nje kuchukua kuni kinatulia. Nikasingizia uchovu wa safari. Siku ya tatu nafagia, naona tundu la hewa ukutani limeshindiliwa soksi ya sufi na magazeti. Nilikaa chini. Moshi unaukimbia kwa sababu unawasha macho, lakini kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto wa kuni, haina harufu wala rangi, unalala nayo na huamki. Nikazibua. Usiku mama mkwe akaziba, anasema upepo unamuuma miguu. Asubuhi nikazibua. Akaziba. Tumekwenda hivyo siku tatu, na kila tukikutana koridoni tunatabasamiana.

Nikamwambia mume wangu. Jibu lake: "Wameishi hivi miaka yote." Ndiyo, baba, lakini miaka yote hiyo bomba la moshi lilikuwa na mtu wa kupanda kulisafisha. Mwenye kazi hiyo sasa anapanda ngazi ya kwenda chumbani kwa mapumziko mawili!

Halafu wifi. Anakaa mwendo wa saa moja kwa gari. Kaja siku moja, mchana, na maua. Wazee wakajikaza kama wanaokaguliwa. Mama mkwe kapaka rangi mdomoni, kachangamka, hakurudia hadithi hata moja. Wifi akapiga picha, akanivuta pembeni: "Mbona wako vizuri tu, wewe una wasiwasi sana." Gari lake halijamaliza kona, mama mkwe kajilaza kwenye kiti akiwa hoi. Jioni hiyohiyo kaniuliza mara nne mwanawe kaenda wapi. Mwanawe alikuwa amekaa mbele yake, anakula.

Mara ya nne nilimtazama mume wangu usoni. Akainamia sahani.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeolewa kwenye ukoo wa funika kombe mwanaharamu apite. Kusugua bafu lao naruhusiwa. Kupika, kufua, kumwinua baba mkwe alipoteleza kwenye kile kizulia cha mlangoni, ruksa. Ila kusema kizulia kiondolewe kabla hakijamvunja mtu nyonga, hapo ghafla mimi ni mgeni, nawavunjia wazee heshima. (Nimekitupa nyuma ya banda la kuni. Kimerudi. Sijui kimerudije.) Gari la baba mkwe lina michubuko mipya kushoto na nguzo ya geti ina rangi ya gari, na hilo nalo halizungumzwi.

Nilinunua king'ora cha kugundua hiyo hewa, nikakifunga sebuleni mwenyewe, nikawaeleza wote wawili kwa lugha yao, taratibu, mara mbili. Baba mkwe akanishukuru kabisa. Asubuhi ya kuondoka namtafutia rimoti ya televisheni, naifungua kuona kama betri zimekufa, nakuta ni mpya. Nikainua macho ukutani. Zilikuwa za king'ora.

Nikazirudisha, teksi inapiga honi nje. Njiani wifi karusha picha kwenye kundi la familia, kila mtu anapongeza wazee walivyonona. Mume wangu kasoma, kafurahi, kaniambia tiketi za mwakani tukikata mapema zitakuwa nafuu.

Nimemwambia akate moja, yake. Tangu hapo hatuongei.