Re: Hili neno «get» mbona halina mwisho?

Kutoka: Kijana wa Langoni, Uingereza

Assalaam alaykum wa Amu na wa Malindi, popote mlipo. Wakubwa shikamooni.

Mimi niko Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Kiingereza cha shule ninacho na ripoti za zamu naandika bila taabu. Kinachonitatiza ni Kiingereza cha mdomo, na zaidi neno moja, «get». Kwa zamu moja tu nalisikia hivi: «Can you get the phone?», «He's getting confused», «She gets washed at eight», «Get her to drink something», «I'll get back to you». Kamusi niliyonayo yasema maana yake ni kupata. Nikitia kupata kwenye sentensi hizo, hakuna hata moja inayosimama.

Ile ya «get her to drink» ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ni agizo la kazi na linamhusu mgonjwa. Natakiwa nimpe maji tu, nimbembeleze, au nimlazimishe? Bi Mwalimu, naomba unisaidie. Kuna vijana wengine wa kwetu wako njiani kuja, na haya nitawapelekea.

—

Kutoka: Bwana wa Barani, Marekani

Wa alaykum salaam mwanangu. Ushauri wangu ni mfupi: liache. Walimu wetu Malindi walikuwa wakilikata kwa wino mwekundu kila walipolikuta kwenye insha, wakatutaka tuandike «obtain», «receive», «become», «arrive». Maneno hayo kila moja lina maana yake na halina utata. Mtu akikusemesha kwa «get» na hukumfahamu, mwombe aseme kwa njia nyingine. Si aibu.

—

Kutoka: Bi Mwalimu, Kanada

Marahaba mwanangu. Na wewe Bwana wa Barani, salamu nyingi, na uniwie radhi, maana hapa sitakuunga mkono wote. Kwenye barua ya uhamiaji, barua ya kuomba kazi au malalamiko kwa mwenye nyumba, uko sawa kabisa: «I received your letter» ni bora kuliko «I got your letter». Lakini kijana anauliza habari ya mdomo. Mtu akimwambia mwenzake kazini «I became tired, so I obtained a taxi», atasikika kama anasoma hati ya mahakama. Tena, hata yeye akiliacha, wenzake hawataliacha, na maagizo ya kazi yatatolewa kwa neno hilohilo.

Kamusi haikumdanganya, ila imesema kidogo sana. Hebu tutazame kupata kwetu wenyewe. Twasema amepata kazi, amepata ajali, kisu hiki hakipati, mwezi umepatwa, umepata kufika Pate?, wale wawili wamepatana. Mgeni aliyeambiwa kwamba kupata ni kuwa na kitu mkononi atafanya nini na kisu kisichopata? Sisi hatupotei kwa sababu hatulisikilizi neno hilo peke yake, tunasikiliza na lililo karibu nalo. Basi na «get» ni vivyo hivyo. Usiulize maana yake ni nini. Uliza baada yake kumekuja nini.

Kikija kitu, maana yake ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuleta: «get a job», «get a letter», «get some milk». «Get the phone» ni kupokea simu inayolia, na «get the door» ni kwenda kufungua mlango uliobishwa. Hapo hakuna kazi kubwa.

Likija neno la sifa, maana yake ni kugeuka kutoka hali moja kwenda nyingine: «get tired», «get cold», «get dark». Mzee wako aliyekuwa «getting confused» alikuwa anaanza kuchanganyikiwa, au kuchanganyikiwa kwake kulikuwa kunazidi. Hili lishike vizuri kwa ajili ya simu za dharura, 999 huko kwenu, 911 huku Kanada na Marekani. Ukisema «She is sick», umetaja hali tu. Ukisema «She's getting worse», umemweleza anayekusikiliza kwamba mgonjwa anazidiwa, na hilo ndilo analotaka kulijua. Kinyume chake ni «She's getting better», anapata nafuu.

Ila jihadhari: kugeuka huku ni kwa sifa, si kwa kazi ya mtu wala cheo chake. Msichana anayesomea uuguzi husema «I want to become a nurse». Akisema «I want to get a nurse», wataondoka mbio kumtafutia muuguzi.

Sasa swali lako lenyewe. Likija jina la mtu, kisha «to», kisha kitendo, maana yake ni kumfanya mtu atende kwa kumshawishi, kumbembeleza au kumrahisishia. «Get her to drink something»: kaa naye, mpe kikombe anachokipenda, mpe kidogo kidogo, jaribu chai kama maji hayataki. Kumlazimisha hakumo. Kulazimisha kuna neno lake, «make», nalo halitaki «to»: «make her drink». Na «let her drink» ni kumruhusu au kumwacha anywe.

Waswahili tunateleza hapa kwa sababu lugha yetu ina njia fupi. Twasema mnyweshe, mlishe, mvishe, mlaze. Ile -sha na -za haisemi kama ulibembeleza au ulishurutisha, ni msikilizaji anayeelewa kutokana na mambo yalivyo. Kiingereza kinakutaka uchague. Ukiandika kwenye ripoti «I made her take her tablets», wewe moyoni unamaanisha nilimnywesha dawa, lakini msimamizi anasoma kwamba ulimshurutisha. Kwa Uingereza na Wales iko sheria ya 2005, Mental Capacity Act, inayosema mtu mzima achukuliwe kuwa ana uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike kwamba hana, na kwamba asihesabiwe kuwa hana kwa sababu tu ameamua jambo ambalo wengine hawaoni kuwa ni busara. Kwa hiyo neno «made» kwenye ripoti linaweza kukuitia maswali mazito. Kwa mdomo sema «I got her to drink half a cup». Kwa maandishi tumia «I encouraged her to drink, and she had half a cup». Na kama alikataa, andika alikataa: «she declined».

«She gets washed at eight» nayo ina mtego. «Get washed» na «get dressed» zaweza kuwa kuoga na kuvaa mwenyewe, zaweza pia kuwa kuoshwa na kuvishwa. Wenyeji wa nyumba hiyo wanajua nani anajiweza, wewe mgeni hujui. Usikisie. Uliza: «Does she wash herself, or do I help her?» Ni swali la mtu anayejali kazi yake, hakuna atakayekulaumu.

Nitaendelea baada ya sala.

—

Kutoka: Mama wa Shela, Marekani

Bi Mwalimu, shikamoo. Kabla hujaendelea, nina langu. Watoto wangu wanarudi shuleni na «gotten», kwa mfano «It's gotten cold». Dada yangu aliye London anasema hicho si Kiingereza. Nimwamini nani? Na jingine: «I got to see my mother» na «I've got to see my mother» masikioni mwangu ni kitu kimoja.

—

Kutoka: Bi Mwalimu, Kanada

Marahaba mwanangu. Watoto wako sawa na dada yako yuko sawa, kila mmoja kwa nchi yake. Huku Kanada na huko kwenu Marekani watu husema «get, got, gotten», Uingereza husema «get, got, got». Wala «gotten» si uzushi wa Wamarekani. Ilikuwa ikisemwa Uingereza zamani, wahamiaji wakavuka nayo bahari, kisha Waingereza wenyewe wakaiacha. Mabaki yake wanayo hadi leo kwenye «forgotten». Neno lenyewe asili yake ni lugha ya watu wa kaskazini, wale Waviking waliohamia Uingereza. Mwambie dada asiwakataze watoto.

Ila Mmarekani hutenganisha mambo mawili. «I've got a car» ni ninalo gari. «I've gotten a car» ni nimepata gari, hivi karibuni. Mtoto akitia «gotten» mahali pa kuwa na kitu, hapo ndipo umrekebishe.

Swali lako la pili limenifurahisha, maana hapo ndipo Kiingereza na Kiswahili vinakutana moja kwa moja. «I got to see my mother»: nilipata kumwona mama. Fursa ilikuja nami nikaipata, kama tunavyosema nilipata kuhudhuria Maulidi ya Amu. «I've got to see my mother»: lazima nimwone mama. Tofauti yote imo kwenye lile «ve» ambalo Mmarekani akisema kwa haraka halisikiki kabisa, unasikia «gotta» tu. Basi tazama wakati. Kama jambo limekwisha pita, ni kupata. Kama bado, ni lazima.

Narudi kwa kijana. Likija tendo lililokwisha tendwa, mambo yanageuka kuwa ya kutendwa: «get paid» ni kulipwa, «get hurt» ni kuumia, «get lost» ni kupotea. Angalia hilo la mwisho: «I got lost» ni nilipotea njia, lakini kumwambia mtu «Get lost!» ni kumfukuza kwa ukali.

«Get married» hubeba kuoa na kuolewa pamoja, na hufuatwa na «to», si «with». Kwenye mahojiano ya visa ukiulizwa «Are you married?», wanauliza hali yako ya leo. Ukiulizwa «When did you get married?», wanataka tarehe ya ndoa.

Kuna moja nawasihi mlikariri, kwa sababu nimeona watu wema wakijiharibia nalo. Mtu kazi imekwisha, kampuni imepunguza watu, anakwenda kwenye usaili mwingine na kusema «I got fired» au «I got sacked». Hayo ni maneno ya aliyefukuzwa kwa kosa! Kama kazi ilipungua na wewe huna kosa, Marekani na Kanada sema «I got laid off», Uingereza sema «I was made redundant». Kwetu twasema nimeachishwa kazi na maana zote mbili zinaingia. Kwao mlango wa kazi mpya waweza kufungwa kwa neno hilo moja.

Tena ukiweka kitu katikati, maana yake umefanyiwa na mtu mwingine: «I got my hair cut» ni nilinyolewa, nilikwenda kwa kinyozi. «I cut my hair» ni nilijinyoa. «I need to get my passport renewed» vilevile, maana huipigi muhuri mwenyewe.

Mahali nitapita haraka. «Get to work», «get to London», lakini «get home», «get here», «get there» bila «to». Kupanda na kushuka: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni «get on» na «get off», yaani basi, treni, ndege, feri na jahazi. Unachoingia na kukaa tu, kama gari, teksi au mtumbwi, ni «get in» na «get out of». Kinachokaliwa mgongoni hurudi kwenye «get on», basi punda wetu na pikipiki zimo humo.

—

Kutoka: Kijana wa Langoni, Uingereza

Allah akulipe, Bi Mwalimu. Lile la «made» na ripoti limenigusa, nitalipeleka kwa wenzangu wote wa zamu wanaosema Kiswahili. Imebaki «I'll get back to you». Mwenye nyumba ninayopanga amenijibu hivyo kuhusu bomba linalovuja.

—

Kutoka: Bwana wa Barani, Marekani

Hilo niachie mimi, nimekaa na wenye nyumba muda mrefu. «I'll get back to you» ni nitakujibu baadaye, nalo halina siku wala ahadi ndani yake. Usiondoke hapo. Sema kwa upole «Thank you. By when, please?» Akitaja siku, siku hiyohiyo mwandikie ujumbe wa kumthibitishia, na kwenye ujumbe huo fuata wino mwekundu wa walimu wangu: «I reported the leak on Monday. You said you would reply by Friday.» Hakuna «get» hata moja na kila neno lina tarehe yake. Jambo likifika mbele, karatasi hiyo itakusemea.

Bi Mwalimu, kwa mdomo nimekubali. Kwa karatasi nabaki pale pale.

—

Kutoka: Bi Mwalimu, Kanada

Kwa karatasi tuko pamoja, Bwana wa Barani.

Kijana, usipomsikia mtu vizuri sema «Sorry, I didn't get that», atarudia. «I don't get it» ni tofauti kidogo, ni kwamba umesikia lakini hukufahamu. Jumamosi asubuhi yangu, kwenu alasiri, niko huru kwenye simu. Wewe na hao vijana wanaokuja andikeni sentensi mnazozisikia kazini kama zilivyo, hata kama hamna hakika ya tahajia, mnitumie siku moja kabla. Mama wa Shela nawe waweke watoto karibu, «gotten» zao nazitaka.