Draiva iingie ndani ya kerneli au ibaki moduli?

Mchanga_Pwani: Wakuu, nakompaili kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) kwa laptopu yangu ya zamani. Kwenye menuconfig, menyu ya mipangilio yake, kila draiva (programu ya kuendesha kifaa) inanitaka nichague: nyota, iingie ndani ya kerneli, au M, iwe moduli, yaani faili la pembeni linalopakiwa baadaye. Nikatia M kila mahali ili kerneli iwe nyepesi, initramfs (kifurushi cha moduli za kuanzia, kinachopakiwa pamoja na kerneli) sikutengeneza. Ikagoma kuwaka: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", yaani imeshindwa kufungua diski ya mfumo. Nyie mnachaguaje?

FundiKibuyu: Mkuu, ufunguo umeufungia ndani ya nyumba. Moduli zinakaa /lib/modules, na folda hiyo imo kwenye diski ambayo kerneli bado haijaifungua. Draiva ya diski na ext4 (mfumo wa faili wa diski) vitie nyota. Diski ya SATA inataka AHCI (draiva ya kidhibiti chake) pamoja na "SCSI disk support"; hiyo ya pili wengi huiruka kwa kudhani ni ya mashine za kizamani, kumbe diski za SATA hupitia humo humo. Debian na wenzake hutumia initramfs, maana kerneli yao moja lazima iwake kwenye mashine za kila aina. Wewe unayo moja tu, unaijua.

Nyota_Alfajiri: Kwenye seva yangu nimetia vyote ndani na CONFIG_MODULES, ruhusa ya kupakia moduli, nimeizima, mvamizi asipate pa kupenyezea moduli yake. Ila nikibadilisha kadi ya mtandao, nakompaili upya. Kwa laptopu sikushauri.

FundiKibuyu: Dada Nyota, nakuunga mkono. Waifai ndiyo kabisa, iacheni M. Niliwahi kuitia nyota iwlwifi, draiva ya waifai ya Intel: ikaamka kabla diski haijafunguliwa, ikatafuta fimweya (programu ya kadi yenyewe) kwenye /lib/firmware, ikaikosa, waifai ikafa. Ikiwa moduli huamka diski ikiwa tayari. Halafu siku ikizingua, unaitoa kwa `modprobe -r iwlmvm iwlwifi`, kisha unairudisha kwa `modprobe iwlwifi`, bila kuzima mashine.

Kasa77: Ongezea `make localmodconfig`. Inasoma lsmod (orodha ya moduli zilizopakiwa) na kuondoa kwenye mipangilio moduli zisizotumika wakati huo, kwa hiyo chomeka vifaa vyako vyote kwanza. Mimi modemu ya USB ilikuwa mfukoni, ikaachwa nje.

Mchanga_Pwani: Nimetia nyota AHCI na ext4, ile ya SCSI nikaipita, maneno yakawa yale yale. Nimerudi kuitia, imewaka. Waifai ni M na inashika. Ahsanteni sana wakuu.