Ushauri wa haraka: riwaya za Kiswahili, za Kiingereza au kishikwambi kwa likizo hii?

Mama_Ruhuwiko
Habari zenu wakuu. Nimetenga elfu themanini kwa ajili ya vitabu vya likizo. Kuna mtu wangu anashuka Dar Alhamisi na kurudi na basi la Jumapili, hivyo orodha nimpe kabla hajaondoka. Niko njia panda: nichukue riwaya za Kiswahili nne tano hivi, nichukue zile za Kiingereza za mfululizo, au niongezee hela nitafute kishikwambi kilichotumika, yote yasomewe humo? Nataka vitu vipya, si vile tulivyosoma sisi. Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi_Saa
Umri? Wa kike, wa kiume? Shule ya kawaida au ya mchepuo wa Kiingereza? Umekuja duka la dawa unasema "nipe dawa" halafu unanyamaza.

Kigamboni_Feri
Riwaya za Hussein Tuwa, mjadala umefungwa. Mkimbizi, Mdunguaji, Utata wa 9/12. Mdogo wangu alikuwa hashiki kitabu mpaka ashikiwe fimbo. Nilimwachia Mkimbizi mezani makusudi, usiku nakuta taa ya chumbani bado inawaka.

Bin_Makunduchi
Vipya vipya, vya zamani vina ubaya gani? Mpe Mzimu wa Watu wa Kale. Muhammed Said Abdulla alishinda nacho shindano la uandishi mwaka 1958, kikatoka 1960, na mpaka leo sijaona kijana aliyeanza akakiacha njiani. Bwana Ali anakutwa amekufa huko mzimuni, mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake, polisi wanabaki kukodoa macho. Na Kiswahili chake, ndugu zangu! Mtoto atapata lugha ambayo skuli hapewi.

Kigamboni_Feri
Mzee wangu, mtoto wa leo ukimpa Bwana Msa anajaza kiko kurasa mbili nzima, atarudi kwenye simu.

Bin_Makunduchi
Kurasa mbili za kiko ndizo zinazomfundisha kusubiri.

Mwl_wa_Zamu
Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Dada, chochote utakachonunua, usinunue Takadini wala Watoto wa Mama N'tilie. Si kwamba ni vibaya, ni vizuri sana. Ila atavikuta darasani, na huko tutamchosha na dhamira, migogoro, wahusika bapa na wahusika duara mpaka avichukie. Muda wa likizo asome kitu ambacho hakuna mtu atamuuliza "jadili kwa hoja tano".

Fundi_Saa
Napingana na wewe mwalimu. Mimi Watoto wa Mama N'tilie nilikisoma nyumbani kabla sijakutana nacho shuleni, na ndicho kilichonibeba. Zita na Peter wanapekua jalalani, mimi nakaa Vingunguti, jalala nalijua. Darasani wenzangu wanakariri majina, mimi nawajua watu.

Mwl_wa_Zamu
Sawa, lakini wewe ulikuwa unapenda kusoma tayari. Tunazungumzia ambaye hatujui kama anapenda. Mleta mada mwenyewe kapotea.

Kitale_Msomi
Salamu kutoka Kenya. Mbona hamtaji Siku Njema ya marehemu Ken Walibora? Ilitoka 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, mamake alikuwa mwimbaji wa taarab, anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Mtanzania na Mkenya wote wamo ndani. Mimi niliisoma kwa ajili ya mtihani, na mpaka sasa naisoma kila Desemba. Mwalimu hapo juu, si kila kitabu cha mtihani hufa.

Ankali_Bundi
Mwenye PDF ya Mkimbizi naomba anitumie.

Baba_Zuwena
Ankali, kabla hujatumiwa hiyo PDF ngoja nisimulie, na mama wa Ruhuwiko asome vizuri kabla hajatuma hela popote.

Mwaka juzi binti yangu alitaka riwaya za upelelezi. Nikaona mtandaoni muuzaji mmoja anatangaza "seti" ya vitabu sita kwa bei ambayo dukani ungepata viwili. Nikatuma hela. Mzigo ulifika, hilo silalamiki. Nafungua bahasha: majalada yamefifia kama yameoshwa kwa jiki, gundi imekauka, ukifungua tu kitabu kinalia kwaa na karatasi zinabaki mkononi. Nikasema basi, hela kidogo, vumilia. Zuwena akaanza kusoma. Siku ya pili ananiita. Ukurasa wa 64 unafuatiwa na wa 81. Kuangalia kwa makini, kwenye kurasa kadhaa kinaonekana kidole gumba cha mtu pembeni: walipiga picha kitabu kwa simu, wakachapa, wakabana. Sasa zile kurasa zilizorukwa ndizo ambazo mpelelezi anawakusanya watu sebuleni. Mtoto ananiuliza, "Baba, sasa nani alimuua?" Mimi nitajuaje? Nikampigia muuzaji, akaniambia "mzee, hadithi si umeielewa lakini". Akanizuia. Ikabidi Jumamosi nimpeleke Maktaba Kuu pale Bibi Titi, tukaomba nakala, akakaa akasoma kurasa kumi na sita tu, akafunga kitabu akasema twende. Vile vingine vitano havikuguswa tena.

Kwa hiyo nunueni duka lenye mlango. TPH pale Samora wapo, A Novel Idea Slipway wapo.

Kigamboni_Feri
"Hadithi si umeielewa" 😂😂 Na mwandishi hapo hajapata hata shilingi.

Ankali_Bundi
Poleni, lakini vitabu vikiwa bei juu watu watafanyaje? Mimi nipo Mpanda, riwaya utaikuta wapi? Simtetei mwizi, nasema hali halisi.

Mwl_wa_Zamu
Waandishi wengi siku hizi wanauza wenyewe, unawasiliana nao moja kwa moja na kitabu kinatumwa kwa basi kama mzigo mwingine. Ni suala la kuuliza tu.

Ankali_Bundi
Na nauli ya mzigo anailipa nani?

Mama_Ruhuwiko
Jamani samahani, mtandao ulikata. Ni wawili. Binti ana miaka 13, kamaliza la saba, anasubiri kwenda kidato cha kwanza. Kaka yake ana 17, kamaliza mtihani wa kidato cha nne majuzi. Shule za kawaida zote mbili. Kiingereza cha binti bado kinasuasua. Tuko Songea.

Fundi_Saa
Wawili! Na elfu themanini! Mama, ungeanza na hili tusingefika huku.

Kitale_Msomi
Basi kishikwambi futa. Wawili kwa kishikwambi kimoja ni vita.

Mwl_wa_Zamu
Na mwenye kukipata atakuwa kwenye michezo, si kwenye kitabu. Tuliopewa vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tunajua watoto wetu walivyovigeuza vyao.

Kwa kaka: Peponi. Ni Paradise ya Gurnah, yule wa Nobel ya 2021, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapa. Usiogope jina kubwa. Yusuf anapoanza ni mtoto wa miaka 12, baba yake anamtoa kwa tajiri kwa sababu ya deni, na anaambiwa tu kwamba anakwenda na "ami". Kijana wa 17 ataisoma kwa hasira, na hiyo hasira ndiyo nzuri.

Kwa binti ndipo pagumu. Niseme ukweli, kwa Kiswahili umri wa 12 hadi 15 tumewasahau. Kuna vya watoto wadogo vyenye picha za sungura, halafu unaruka moja kwa moja kwenye mapenzi na bunduki. Tuzo ya Mwalimu Nyerere imeanza kutolewa 2023, ina riwaya, ina mashairi, labda huko mbele tutavuna. Kwa sasa ningempa Mwana Mdogo wa Mfalme. Ni tafsiri, ni chembamba, kina michoro, na hakimdharau msomaji.

Dada_wa_Msasani
Kwa Kiingereza chepesi kuna Akata Witch ya Nnedi Okorafor. Sunny ana miaka 12, ana ualbino, yupo Nigeria, anagundua ana nguvu za uchawi. Mwanangu aliisoma na kamusi pembeni, mwanzoni akinung'unika, baadaye kamusi ikaachwa.

Bin_Makunduchi
Uchawi kwa mtoto wa miaka 13? Na likizo?

Dada_wa_Msasani
Mzee wangu, wewe umependekeza maiti mzimuni.

Bin_Makunduchi
Ile maiti, Bwana Msa anaifanyia kazi kwa akili. Mzimu hauhusiki kabisa, ndiyo maana ya kitabu!

Kigamboni_Feri
Rosa Mistika je, kwa binti? Kisiwani Ukerewe, baba mkali, mtoto anafungiwa mpaka akitoka hajui dunia.

Baba_Zuwena
Kwa miaka 13 hapana. Kilipotoka 1971 kilizuiwa mashuleni.

Fundi_Saa
Kikaja kufundishwa hukohuko. Mimi ningempa mama yake akisome kwanza, na baba yake zaidi.

Kigamboni_Feri
Baba yake akimaliza atafungua geti au ataongeza kufuli?

Mama_Ruhuwiko
Asanteni sana. Nimeandika Peponi, Mwana Mdogo wa Mfalme, na kimoja cha Tuwa. Nimebakiwa na nafasi ya kimoja, Siku Njema au Mzimu, sijaamua. Baba yao anasema hela ya kitabu cha nne tununue sare za kidato cha kwanza.

Kitale_Msomi
Siku Njema.

Bin_Makunduchi
Mzimu. Akikipenda, ufuate Kisima cha Giningi, halafu Duniani Kuna Watu, usiruke.

Dada_wa_Msasani
Mzee, kwani vinafuatana? Mimi nilianza na Siri ya Sifuri sikupotea.

Bin_Makunduchi
Hukupotea, lakini hukumjua vizuri Najum, mwenzake Bwana Msa. Mimi natafuta Mwana wa Yungi Hulewa, nakala halisi, isiyokuwa na kidole cha mtu. Mwenye nayo Unguja au Dar aniambie bei.