Réunion: mwongozaji binafsi, kundi la kuchangia, au kwenda wenyewe kwenye maporomoko ya maji?

Mpandavilima

Wakuu, salaam. Swali la nani achukue mwongozaji wake binafsi Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, na nani asijisumbue linarudi kila msimu, na majibu huishia kwenye "inategemea". Tulivunje njia kwa njia, maana jibu linaanzia kwenye njia kabla ya kufika mfukoni.

Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba kama 2,500, lakini kimesimama wima: kilele chake, Piton des Neiges, kina mita 3,071. Upepo wa kusini-mashariki unagonga ule upande wa mashariki na kumwaga mvua pale pale. Maporomoko yamejaa huko, na matope na njia zilizofungwa vimejaa huko huko.

*Trou de Fer.* Korongo lenye maporomoko, na ndilo wengi wanalifuata. Unalitazama kutoka jukwaani juu ya korongo, huogi. Ukianzia maegesho ya Bélouve ni kama kilomita 4 kwenda na 4 kurudi ndani ya msitu wa mitamarini ya milimani. Mlima si mkali, ila kuna mizizi, matope na vipande vya njia ya mbao vinavyoteleza. Weka mwendo wa saa 3 na nusu kwenda na kurudi.

*Trois Roches, ndani ya bonde la Mafate.* Mto unatambaa juu ya mwamba laini kisha unatumbukia ghafla kwenye ufa. Unashuka kutoka kipito cha mlimani cha Col des Bœufs hadi kijiji cha Marla kwa saa 2 hivi, kisha saa moja na zaidi hadi mtoni. Kurudi ni kupanda zaidi ya mita 600. Mafate haina barabara. Unaingia kwa miguu au kwa helikopta.

*Cascade Biberon,* La Plaine-des-Palmistes. Fupi, nusu siku inatosha na kubaki.

*Voile de la Mariée, Anse des Cascades na Grand Galet ya Langevin.* Hizi unafika kwa gari. Kumlipa mtu akuongoze hapo ni kumlipa akuonyeshe maegesho.

Msimamo wangu: mwongozaji binafsi humlipi kwa ajili ya kujua njia. Njia zina alama na vibao vya muda. Unamlipa kwa ajili ya saa ya kuondoka na uhuru wa kubadili mpango asubuhi ile ile. Kwa Trou de Fer na Trois Roches mimi nasema chukua. Biberon nenda wenyewe.

Kijito_baridi

Naunga mkono hoja ya saa, na niieleze zaidi kwa sababu wengi hawaamini mpaka wasimame kwenye jukwaa mbele ya ukuta mweupe. Asubuhi juu kunakuwa wazi. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda na mawingu yanakaa shingoni mwa milima. Kufikia saa 4 asubuhi korongo linaweza kuwa limeshafunikwa, na likifunikwa usitegemee lifunguke mchana.

Hesabu kinyumenyume. Unataka kuwa jukwaani saa 2 na nusu. Toa mwendo wa saa moja na nusu na zaidi kidogo msituni, unapata kuanza kutembea saa 1 kasorobo. Toa saa moja na nusu au zaidi ya gari kutoka Saint-Denis, mji mkuu, na kile kipande cha mwisho cha barabara ya msituni ni chembamba, hukimbii. Kwa hiyo unatoka kitandani saa 10 alfajiri.

Kundi la kuchangia haliwezi saa hizo. Gari linapita hoteli hadi hoteli kukusanya watu, mmoja amechelewa, mwingine kasahau koti. Mnaanza kutembea saa 3 na mnafika kutazama pamba. Si uzembe wa mtu, ndivyo huduma yenyewe ilivyoundwa.

Mzee_wa_Ramani

Kwa heshima, mleta uzi, napingana nawe juu ya Trou de Fer. Kama mna gari na mnalala La Plaine-des-Palmistes au kwenye gîte (nyumba ya wageni ya milimani) ya Bélouve yenyewe, hiyo faida ya saa mmeshaipata bure. Mnaamka, mnatembea. Njia ni moja, huwezi kupotea labda ujitahidi. Mwongozaji hapo anaongeza majina ya mimea na ndege, jambo zuri kwa anayelipenda, lakini si la lazima.

Ila kwenda wenyewe kuna kazi ya nyumbani, na wengi wanairuka:

Kwanza, hali ya njia. ONF, shirika la misitu, hutoa taarifa za njia zilizofungwa kwa amri ya serikali. Angalia siku tatu kabla, halafu angalia tena jioni ya kuamkia safari, maana maporomoko ya udongo hayasubiri ratiba. Njia ikiandikwa *interdit* imefungwa. Kuona vijana wakipita kando ya kizuizi hakuifungui. Bassin des Aigrettes na Bassin Cormoran kule Saint-Gilles ndiyo mfano: watu wamejaa mitandaoni wakiogelea, wakati kuingia kumekatazwa kwa sababu ya mawe yanayoanguka.

Pili, tahadhari za Météo-France, idara ya hali ya hewa. Vimbunga vinaweza kuja kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua nzito zaidi ni Januari hadi Machi. Msikilize mtabiri wa hapo. Programu ya simu yenye picha ya jua ni ya mji wa pwani, haijui kinachoendelea mita 1,500 juu.

Tatu, giza. Juni na Julai jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na ndani ya korongo giza linaingia mapema zaidi. Tochi ya kichwani kwa kila mtu. Ya simu haitoshi, inakula chaji unayoihitaji kuomba msaada.

Asiye na gari aanze kijiji cha Hell-Bourg: unapanda karibu mita 600 hadi Bélouve, njia kali yenye ngazi za mizizi, kisha ndiyo zile kilomita 4 zinaanza. Siku nzima hiyo, na mawingu yatakuwahi. Hapo sasa lala Bélouve, uende jukwaani kesho yake.

Bi_Taratibu

Mnazungumzia mwongozaji kana kwamba ni mtu yeyote mwenye kofia na fimbo. Réunion ni Ufaransa, na kuongoza watu mlimani kwa malipo ni kazi yenye sheria. Muulizeni mambo haya kabla ya kutoa hata senti ya amana:

Ana cheti cha *accompagnateur en moyenne montagne* (mwongozaji wa matembezi ya milimani) na kadi ya kazi ambayo muda wake haujaisha? Kadi hiyo hutolewa kwa miaka 5, ina picha, na kuiomba si utovu wa adabu. Anayekasirika ameshakujibu.

Cheti hicho kinaruhusu kutembea. Kamba hakiruhusu. Mtu akikuambia "nitakushusha kidogo kwa kamba mpaka kwenye dimbwi", muulize cheti cha kushuka makorongo, kwa sababu ni kingine kabisa. Kushuka ndani ya Trou de Fer ni shughuli ya wataalamu wa kamba, haihusiani na matembezi tunayoyajadili.

Ana bima ya dhima? Nani anaamua kuahirisha, saa ngapi, na hela inarudi au inahamia siku nyingine? Ana njia mbadala ya upande gani mashariki kukifungwa? Mwongozaji mzuri anakujibu swali la mwisho kabla hujamaliza kuliuliza.

Na lugha. Wengi wanafanya kazi kwa Kifaransa na Krioli. Kiingereza usikichukulie kuwa kipo. Kwenye kundi la kuchangia maelezo yataenda kwa lugha ya walio wengi, nawe utabaki kuitikia kwa kichwa. Hiyo kwangu ni sababu ya kumchukua wa binafsi kuliko hata mawingu, kwa sababu neno "simama, usivuke" inabidi ulielewe mara ya kwanza.

Nauli_ya_Punda

Upande wa hela, msilinganishe bei mbili zilizobandikwa. Wa binafsi hutoza siku kwa kikundi chote, wa kuchangia hutoza kwa kichwa. Gawa bei ya siku ya binafsi kwa bei ya nafasi moja ya kundi. Ukipata 4, mkiwa wanne ni sawasawa na mkiwa watano binafsi ni nafuu. Mkiwa wawili, tofauti ndiyo bei ya kuondoka alfajiri. Amueni kama inawafaa.

Halafu angalieni vinavyojificha. Usafiri: waongozaji wengi wa binafsi mnakutana mwanzo wa njia, gari ni juu yenu. Maegesho ya Col des Bœufs yenye mlinzi yanalipiwa, na kama mnalala Mafate yatumieni. Kitanda na chakula kwenye gîte hesabuni na vya mwongozaji kama ni siku mbili, ulizeni, msidhani. Kundi la kuchangia nalo lina idadi ya chini ya watu. Isipofika, mnapigiwa simu jioni kwamba safari imekufa, na mwongozaji wa binafsi kwa kesho yake hampati.

Chizi_wa_Maji

Hakuna aliyegusa mto wenyewe. Kisiwa hiki kilipima milimita 1,825 za mvua ndani ya saa 24 mahali paitwapo Foc-Foc, Januari 1966, rekodi ya dunia hadi leo. Ukielewa namba hiyo utaelewa kwa nini mto unaovukwa kwa kuruka mawe asubuhi unaweza usivukike mchana. Mvua inanyesha juu, wewe uko bondeni kwenye jua.

Dalili: maji yanabadilika kutoka kuwa angavu kuwa ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kuelea, sauti inakuwa nzito, mawe uliyoyakanyaga ukija hayaonekani. Ukiona moja tu, panda juu upande uliopo. Upande uliopo, narudia. Watu wanakufa wakirudi kuvuka kwa sababu mabegi au gari viko ng'ambo. Kaeni msubiri, hata ikiwa ni usiku mzima.

Trois Roches ndipo pa kuangalia zaidi, kwa sababu pale unavuka mto wenyewe, na chini kidogo ya kivuko ndiyo ule ufa. Maji yakifika gotini na yana nguvu, basi. Mkivuka, fungueni mkanda wa kiunoni wa begi ili mkianguka mlivue, tazameni maji yanakotoka, fimbo mbele, hatua moja kwa wakati, viatu miguuni. Mwamba pale ni laini kama sahani iliyolowa; msisogee ukingoni kupiga picha.

Kuoga: msisimame chini ya maji yanayoanguka. Maji hushuka na mawe. Msiruke kwenye dimbwi kwa sababu video ya mwaka jana inaonyesha watu wakiruka. Kila mafuriko yanapanga upya mawe ya chini.

Ndiyo maana Trois Roches sikubaliani na kwenda wenyewe kuanzia Desemba hadi Aprili. Juni hadi Oktoba, wenye uzoefu, hewa ikiwa kavu, wanaweza.

dada_Mkoba

Mama wa miaka 60 na mtoto wa miaka 8, wote wanatembea vizuri ila hawajazoea milima. Binafsi au kundi?

Kijito_baridi

Binafsi dada, bila mjadala. Kundi linakwenda kwa ratiba ya gari. Mtoto akichoka, kundi zima linamsubiri na mama anaanza kujilazimisha kwa aibu, na magoti huumizwa wakati wa kushuka kwa haraka. Anza na Biberon siku ya kwanza, ndiyo kipimo. Wakimaliza wakiwa wanacheka, siku ya tatu nenda Trou de Fer. Trois Roches kwa siku moja usiwapeleke. Kama lazima, lala Marla.

Viatu: soli ya mpira laini yenye meno marefu. Viatu vya kukimbilia vilivyokwisha meno havina kazi juu ya mawe ya volkano yenye ukungu wa kijani. Fimbo mbili kwa mama. Maji lita 2 kwa mtu mzima, soksi za akiba, koti la mvua hata kama anga ni la bluu, na nguo kavu ziwe ndani ya mfuko wa plastiki, msiuamini mkoba peke yake.

Mzee_wa_Ramani

Nyongeza mbili kwa wanaotoka Afrika Mashariki. Réunion ni Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza ya Paris haikuingizi yenyewe. Soma viza yako imeandikwa inafaa wapi. Wengi hupitia Mauritius, na kutoka hapo ndege haifiki saa moja angani. Namba ya dharura ni 112, na ndani ya Mafate mtandao unakatika, kwa hiyo acha ratiba kwa mtu: njia, saa ya kurudi, saa ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Chizi_wa_Maji

Na mkisharudi nyumbani: maji baridi ya kisiwa yana leptospira, bakteria wa mkojo wa panya, wanaoingia kupitia michubuko. Mwenye kidonda aogelee kwa macho tu. Homa na maumivu makali ya misuli vikianza ndani ya wiki mbili tatu, usimeze dawa ya malaria kwa mazoea. Mwambie daktari kwa maneno haya haya: "nilioga mtoni Réunion tarehe fulani."