Presha inashuka kwenye mabomba ya PPR, tupige plasta au tusubiri?

Mwanagoba: Wakuu, habari za jioni. Nyumba iko Goba, mabomba yameshapita ukutani. Fundi kapima, geji ikasoma baa 10, baada ya nusu saa ikawa 8. Anasema ni kawaida, tuzibe. Nahitaji jibu leo, mafundi tailizi wanaingia kesho.

Kobe Mkavu: Usijenge bila mkataba. Mimi fundi alinila hela ya mageti, hadi leo simu haipatikani.

Koki ya Shaba: PPR ni plastiki, ikipata presha inatanuka kidogo, kwa hiyo mwanzoni geji hushuka hata pasipovuja. Unaongeza, inatulia, ndipo unaanza kuhesabu muda. Mlitoa hewa yote kwanza?

Mwanagoba: Hewa ipi tena mkuu?

Koki ya Shaba: Mlipima kwa nini, maji au?

Mwanagoba: Maji hayajavutwa saiti. Alileta kompresa ya gereji. Ila ni mzoefu, kafanya mahoteli.

Koki ya Shaba: Fungueni koki mtoe hiyo upepo taratibu, sasa hivi. Maji hayabanwi, bomba likipasuka presha inaanguka papo hapo. Upepo uliobanwa unarusha vipande. Nimeona elbo ikitoboa dari ya jipsamu. Jazeni maji kutokea chini, koki za juu zikiwa wazi mpaka hewa iishe, kisha pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi.

Mama Wawili: Kwangu chumba cha watoto kiliota ukungu, nikamlaumu dada wa kazi kwa kutofungua madirisha. Kumbe kiungo nyuma ya kabati!

Mwanagoba: Boza ni gharama. Halafu tanki litakaa mita 6 tu juu, hiyo ni kama baa 0.6. Baa 10 za nini?

Koki ya Shaba: Pampu ya kuongeza presha mtaiweka tu, bafu la juu likianza kudondosha. Na kiungo kibovu kwenye baa 0.6 kinavuja jasho, hukioni mpaka tailizi zibanduke.

Pweza wa Feri: Chai hii. Juzi juzi huyu alikuwa humu anatafuta chumba cha kupanga Mbagala. Leo ana bafu la juu?

Kobe Mkavu: 😂😂 Leta vitafunwa.

Mwanagoba: Siyo chai. Nyumba ni ya dada yangu, yuko Muscat, mimi nasimamia. Nimeshamwambia upimaji umekwisha, ndipo akatuma hela ya tailizi. Na ulifanyika kweli, picha ya geji ninayo.

Mama Wawili: Ya baa 10 au ya 8?

Mwanagoba: Ya 10. Sasa hela ya boza nimwombe kwa maelezo gani?

Koki ya Shaba: Boza la nini? Bomba la milimita 25, mita 100 nzima, halimalizi lita 35. Nunua madumu mawili.