Naomba ushauri: kupata umeme kutoka joto la ekzosi ya mashine ya kusaga

Wakuu, habari zenu. Nina mashine ya kusaga ya injini ya dizeli, na inaniuma sana kuona karibu theluthi ya nguvu ya mafuta ikipotea na moshi. Nataka kubana vile vibati vya bismathi teluraidi (vinavyotoa umeme upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi) kwenye bomba la ekzosi, upande wa pili nipitishe maji baridi, nipate japo wati 30 za kuchaji betri ya taa. Ufanisi wake ni kama asilimia 5 tu, hilo nimelikubali. Kinachonitisha ni joto: vingi huharibika zaidi ya nyuzi 300, na injini ikiwa na mzigo ekzosi hupita 400. Nivifunge mbali na injini, au nitangulize bamba nene la alumini? Aliyewahi kujaribu anisaidie tafadhali.